Kamau Hakumwaga Maji

Mwanangu Saumu,

Umeenda kusukwa kwa Mama Biasha na najua hutarudi kabla ya magharibi, kwa hivyo nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa tupu nyuma, nikuandikie. Mwandiko wangu unaujua, herufi kubwa kama za mtoto, lakini zinasomeka. Nilitoka shule darasa la saba, na kabla ya simu kuingia mtaani humu barua zote za majirani nilizisoma na kuziandika mimi. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Sitakuandikia mambo ya pasipoti, wala nambari za kupiga ukipata shida, wala jinsi ya kumjibu madam. Hayo umefundishwa na watu wa kazi hiyo, na mengine umeyasikia kwangu mpaka ukaziba masikio. Nakuandikia jambo moja ambalo sijakuambia, na lazima ulijue kabla basi lako halijafika Nairobi. Barua nitaitia mfukoni mwa sweta. Isome ukishapita Voi.

Mtu atakayekupokea kesho na kukupeleka uwanja wa ndege ni Kamau. Ndiyo, Kamau wa Riyadhi. Yule yule ambaye humu ndani mtu akimwaga chai twamwambia, "Kamau huyo." Najua umeshaanza kucheka. Acha kwanza.

Hadithi unaijua kama nilivyoisimulia, maana nimeisimulia kila mgeni akija. Kwamba dereva mzembe alimwaga maji uani siku ya barafu, Haja akateleza akavunjika nyonga, dereva akarudishwa kwao, na mimi mamako nikamuuguza Haja mpaka akanizawadia blanketi la tausi lililo juu ya kabati. Nyonga ni kweli. Kuuguza ni kweli, na nilimuuguza vizuri kuliko mtoto wake wa kumzaa. Yaliyobaki ndiyo haya.

Ulikuwa darasa la saba nilipokuacha kwa nyanyako. Nilianzia Jeda, mtaa wa Ruwais, jirani na bahari. Joto la kule nililielewa, lilikuwa joto letu lenye hasira zaidi. Bosi alikuwa mtu mpole wa ofisini, madam mkali wa usafi, watoto watatu, na mamake bosi, huyo Haja, bibi mdogo wa mwili mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Uani wao wanauita hoshi, na hoshi ya nyumba ile ilikuwa ya marumaru nyeupe. Kila alfajiri, kabla yeyote hajatoka, niliipiga maji. Sisemi kufagia, sisemi kupangusa. Kupiga maji, ndoo kwa ndoo, sabuni, brashi, kisha maji tena mpaka unajiona uso. Wanawake wa nyumba za jirani wakija kunywa kahawa walikuwa wanavua viatu kwenye geti. Wawili walijaribu kuninyakua waziwazi, madam akakaribia kugombana nao.

Nilijijengea jina pale, mwanangu. Na kwenye nyumba za watu, jina la usafi ni kama mlango wa chuma. Aliye nyuma yake hashukiwi.

Mwaka wa pili bosi akahamishiwa Riyadhi, tukapata nyumba kuukuu karibu na Murabba, hoshi yake nayo ya marumaru, na ngazi saba kutoka mlangoni. Sisi wote tulikuwa watu wa Jeda pale, wenye nyumba na mtumishi. Hatukubeba hata soksi. Mimi nilijua Saudia ni jangwa na jangwa ni moto. Barafu naijua ya pakiti, ya kuwauzia watoto wa madrasa.

Kamau tulimkuta huko. Mtu wa Kinangop, mrefu, si msemaji sana, alikaa kibandani kando ya geti na alikuwa keshamaliza baridi mbili Riyadhi. Kiswahili chake kilinichekesha, na changu kilimchekesha.

"Mama Saumu, umekuja na sweta?" aliniuliza wiki ya kwanza.

"Sweta ya nini? Hii ni Saudia."

"Ngoja Januari. Itakuimbisha."

"Mtu wa pwani haimbishwi na upepo."

"Nyinyi watu wa pwani baridi mnaijua ya soda tu."

Januari ikaja, ikaniimbisha. Chumba changu kilikuwa juu ya paa, na upepo ulipita chini ya mlango kama paka. Maji ya tangi yakawa yanatoka kwa kukohoa, na asubuhi nyingine hayatoki kabisa mpaka jua lipande. Kamau akayafunga mabomba kwa magunia na shali kuukuu za bosi. Haja akavaa soksi za mwanawe jozi mbili. Mimi nikavumbua hila yangu, na hii ni yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu: naipiga pasi shuka mpaka inawaka, kisha najitupa ndani kabla haijapoa. Watoto wa bosi waliposikia, kila jioni wakawa wanapanga foleni na pajama zao kwenye meza ya pasi.

Madam naye akaziba madirisha ya sebule kwa utepe, akaingiza jiko la mkaa la kuota. Watu wa kule huota moto hivyo, lakini huota nje, kwenye mahema yao ya jangwani. Yeye alifunga kila tundu. Kamau alikuja kurudisha funguo za gari, akamwona mtoto mdogo kalala kichwa juu ya zulia. Hakuuliza mtu. Aliingia na viatu vyake, akabandua utepe, akafungua madirisha yote, akalibeba jiko nje kwa mikono.

"Madam, huo moshi wa mkaa hauna harufu," akasema. "Unalaza mtu moja kwa moja."

Mtoto aliamka akitapika, akapona. Lakini madam alichokiona ni dereva aliyekanyaga zulia lake kwa viatu. Tangu siku ile hakumpenda. Na mimi, badala ya kusimama na ukweli nilioushuhudia, nilimcheka Kamau jikoni, nikambandika jina la daktari. Jiko la mkaa lisilale ndani nawe, Saumu. Nimesema sitatoa maagizo, lakini hilo chukua.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Jioni moja Kamau alisimama hoshini akiangalia juu.

"Mama Saumu, kesho usipige maji."

"Kwa nini?"

"Anga iko tupu na hakuna upepo. Kwetu ikiwa hivi sakitu inashuka, asubuhi majani yote meupe, viazi vimeungua shambani kama vimemwagiwa mafuta ya moto."

"Viazi vyenu na hoshi yangu wapi na wapi?"

"Maji yatashika."

"Yatashika nini?"

"Yatashika ngazi."

"Kamau, wewe shika usukani."

Akacheka, akaenda zake. Nilijiona nimemweza.

Alfajiri nikashuka, nikafungua bomba la uani. Kimya. Mtu mwenye akili angerudi jikoni. Mimi nikawasha gesi, nikachemsha masufuria mawili makubwa, nikajiambia dawa ya baridi ni moto. Nikayamwaga kwenye marumaru yakafuka mvuke, nikasugua ngazi zote saba, nikasimama mlangoni kutazama. Hoshi ilikuwa inang'aa kuliko siku zote. Nilijivuna, mwanangu. Nilijivuna kwa kitu ambacho tayari kilikuwa barafu, nikaingia ndani kuandaa chai ya maziwa.

Haja alikuwa na desturi aliyotoka nayo Jeda. Akishasali na kumaliza uradi wake, hutoka na kikombe cha ngano kuwalisha njiwa. Nilisikia kwanza kikombe kikigonga ngazi, kisha yeye.

Nilipofika mlangoni alikuwa chini, mguu umegeukia upande ambao mguu hauendi, na ngano imetapakaa juu ya barafu kama juu ya kioo. Kutoka geti Kamau alikuwa anakuja mbio, ndoo mkononi. Aliteleza, akaanguka, ndoo ikapinduka. Wakati huo huo madam akatokea nyuma yangu. Alimwona mama mkwe wake chini, akaona maji yaliyoganda, akamwona dereva na ndoo.

Ndani ya ile ndoo mlikuwa na mchanga. Niliuona kwa macho yangu ulivyomwagika. Alikuwa ameiona barafu kutoka kibandani, akakimbilia nyuma ya nyumba kwenye mchanga wa mafundi, aje aunyunyize ngazini kabla mtu hajatoka. Kwao hutumia jivu. Pale hakukuwa na jivu.

Bosi akambeba mamake hadi garini, Kamau akaendesha, wakaenda hospitali. Nikabaki na watoto. Nikachukua fagio, nikafagia mchanga wote, nikauzoa, nikautupa. Jua likapanda. Kufika saa nne marumaru ilikuwa kavu na nyeupe, kana kwamba hapajatokea kitu. Mpaka leo sijui kama nilifagia kwa mazoea au kwa makusudi. Mikono yangu haijawahi kuona mchanga kwenye hoshi ikauacha. Lakini mwenye mikono ile alikuwa na kichwa pia.

Alasiri bosi akatusimamisha jikoni.

"Nani alimwaga maji?"

"Yeye alikuwa na ndoo," madam akasema.

"Ndoo ya mchanga," Kamau akasema.

"Mchanga wa nini?"

"Wa kutupia kwenye barafu, bosi."

Bosi, mtu wa Jeda, ambaye alipokimbilia kumwinua mamake hakuangalia alikanyaga nini, akatoka kwenda kutazama hoshi. Akarudi akitikisa kichwa. "Mafi mchanga," akasema. "Mafi barafu." Hakuna hiki, hakuna kile.

"Niliiona barafu mimi," madam akasema. "Huyu huosha gari pale pale kila asubuhi. Na huyu," akanishika bega, "hajaharibu kitu tangu Jeda."

Kamau akanitazama. Hakunitazama vibaya. Alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake avae viatu watoke pamoja.

Nikasema, "Mimi nilikuwa jikoni naandaa chai."

Na kweli nilikuwa jikoni naandaa chai. Uongo wa namna ile, Saumu, hauna neno hata moja la uongo ndani yake, ndiyo maana unatoka kinywani laini.

"Halas," bosi akasema. Yamekwisha.

Hawakumfukuza siku ile. Walimpeleka kwenye kondoo wa nduguye bosi, nje ya mji, alale hemani achunge mpaka waamue. Kama ni baridi, ya mjini ilikuwa mchezo. Mimi nikapewa Haja nimuuguze. Nilimgeuza, nilimsugua miguu kwa mafuta ya habasoda, nilimlisha, hakupata hata kidonda kimoja cha mgongoni, na daktari mwenyewe alimuuliza madam ni nesi gani mmemweka. Kila asubuhi nilisema leo nitasema. Ukweli niliuweka kama mtu anavyoweka unga: leo nitakanda, kesho nitakanda, mpaka ukaingia wadudu.

Ijumaa moja Kamau alikuja mlango wa jikoni na nyama ya kondoo aliyotumwa. Midomo ilikuwa imepasuka, mikononi amevaa soksi badala ya glavu. Nilimpa chai ya tangawizi. Nikamwambia, "Pole, Kamau."

Akaimaliza chai yote kwanza.

"Mama Saumu, sijakuomba useme. Nakuomba tu usiniambie pole."

Akakiweka kikombe chini, akaenda. Wiki iliyofuata walimrudisha Kenya mkataba wake haujaisha.

Ndipo niliposema, ndege imeshaondoka. Walikuja wageni wa Haja, akanisifu mbele yao, kwamba mikono hii haijapoteza hata tone la maji. Walipotoka nilikuwa nampaka mafuta, nikasikia mdomo wangu unasema.

"Haja, maji niliyamwaga mimi."

Akauliza, "Na ndoo ya dereva?"

"Ilikuwa ya mchanga. Alikuwa anakuja kuutupa ngazini, usianguke."

"Mchanga ulikwenda wapi?"

"Niliufagia."

Akaniomba nimgeuze upande wa ukuta. Siku tatu hakunisemesha ila kwa mambo ya choo na chai. Mwanawe alipiga simu kwa ajenti, Kamau atafutwe arudi. Jibu likaja kwamba hataki. Mimi hawakunifukuza, maana Haja hakukubali kushikwa na mwingine, na hapo najisifu na nitaendelea kujisifu. Lakini madam tangu siku ile alifunga kabati la sukari kwa ufunguo. Mlango wangu wa chuma ulikuwa umeondoka.

Siku ya kurudi nyumbani, Haja akaniita. Alikuwa anatembelea mkongojo. Akanipa blanketi jipya ndani ya mfuko wake wa plastiki, zito, tausi wawili wamekunjua mikia.

"Nilimnunulia dereva," akasema. "Wewe ni wa nchi yake. Mfikishie."

Nilifika nalo Mombasa. Majirani wakajaa sebuleni, wakaliona, wakauliza umepewa na nani. Nikasema nimepewa na Haja. Na hilo nalo ni kweli, unaona? Wakauliza kwa nini, nikaanza na nyonga, nikaja kwa kuuguza, na palipobaki pengo la nani alimwaga maji, Kamau alikuwa mbali. Nikamtia pale. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Wewe ulipoanza kusema "Kamau huyo" kila kikombe kikianguka, nilicheka nanyi.

Blanketi zito namna ile Mombasa ni la nini? Halijafunguliwa hata siku moja. Umelipangusa vumbi wewe, kila Ijumaa, juu ya mfuko.

Visa yako ilipotoka, nikasoma Riyadhi, nikahesabu miezi nikaona utafika Desemba. Sikulala vizuri tangu hapo. Nikawauliza wanawake niliokuwa nao kule, mmoja akanipa namba ya mwingine, miezi miwili, mpaka nikampata. Siku hizi anaendesha lori la viazi kutoka Kinangop hadi Nairobi.

"Kamau? Ni Mama Saumu wa Murabba."

Nikasikia injini tu, kisha akaizima.

"Mama Saumu. Bado unapiga maji alfajiri?"

"Bado."

"Na watu wanaanguka?"

"Huku hakuna barafu, Kamau."

"Mna bahati."

Nikamwambia yote. Maji ya moto, fagio, jikoni. Sikusema pole, nilikumbuka. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza hakusema amenisamehe, wala sitakudanganya kwamba alisema. Nilimwambia binti yangu anakwenda Riyadhi. Akauliza, "Huyo mtoto ana sweta?"

"Nimemnunulia."

"Nyepesi, ya pwani. Naijua. Apite kwangu. Nitamfikisha uwanja wa ndege. Mambo ya baridi hawezi kufunzwa na wewe."

Jambo moja nilishindwa kumwambia. Hajui kwamba jina lake humu ndani ni kichekesho. Atakusalimia kesho, atakuambia "Mimi ni Kamau", na wewe umezoea kulicheka jina hilo tangu ukiwa sekondari. Ndiyo maana nimeandika. Usimcheke, mwanangu. Na ukishindwa, ukacheka, mweleze kwa nini, usinifichie aibu yangu.

Siogopi baridi kwako. Una damu yangu, utaizoea, na hila ya pasi nimekupa. Naogopa jina zuri. Watakupenda, hawana budi, nimekulea mimi. Wiki mbili hazitapita watakuwa wanakusifia kwa wageni. Siku hiyo tazama nani amesimama kando yako akiwa hana wa kumsifu. Na ukimwaga maji, maana utamwaga, sema asubuhi ile ile, kabla jua halijapanda.

Ule mfuko mkubwa niliouongeza leo kwenye mizigo yako si wako na hautapanda ndege. Usiufungue. Ukishuka Nairobi utamwona mtu mrefu, labda ana mvi sasa. Mwamkie kwa heshima, mwite mjomba, kisha umpe. Mwambie hivi: Haja wa Riyadhi alikutumia, mamangu ndiye aliyechelewa.

Nasikia unaagana na Mama Biasha kwenye kichochoro. Nakunja karatasi. Ukiingia ukaniuliza mbona juu ya kabati patupu, usiku huu sitakujibu. Nimeshapapangusa.

Mamako